BARAZANI KWA BABU: Wimbo wa kuazima

Juma hili baraza letu lina kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe. Mwenye kigoda akae kigodani, mwenye mkeka akae mkekani, mnisikilize mpaka mwisho ndipo mtoe hukumu.

Jumamosi moja baada ya mavuno tulialikwa arusini katika kijiji cha ng'ambo ya mto. Mambo yalikuwa mazuri. Pilau ilitosha, pombe ilikuwa ya kiasi, na vijana walikuwa wameleta kinanda cha umeme na vipaza sauti viwili virefu kama milango. Wakapiga nyimbo za zamani na za sasa, watu wakacheza mpaka vumbi likapanda. Mara wakaanza wimbo mmoja, na mimi nikasimamisha tonge hewani. Nikamwambia mke wangu, "Wimbo huu naujua." Naye akanijibu pole pole, "Na mwenyewe yuko pale."

Nikageuka. Chini ya mwembe alikaa mama mmoja mjane wa kigango chetu, pamoja na wanawake wenzake, sahani ya pilau mkononi. Akaiweka chini. Hakuisukuma wala hakuitupa. Aliiweka tu kama mtu aliyeshiba, na hali alikuwa hajala nusu yake. Akajifunga kanga yake upya, akamwaga mwenye arusi kwa heshima, akashika njia ya kwenda kwao peke yake. Wachezaji hawakuona kitu. Wakaendelea kucheza.

Sasa niwaeleze wimbo huo ulikuwa wimbo gani. Miaka mingi iliyopita mwanawe wa kwanza wa mama huyu alikwenda ziwani kuvua samaki. Dhoruba ikapiga usiku, mtumbwi ukazama, na kijana hakuonekana tena. Kaburi hakuna, maana hapakuwa na wa kuzikwa. Mama akatunga wimbo kwa lugha ya kwetu, naye huuimba akipukuchua mahindi. Una beti tatu. Katika ubeti wa mwisho huliita jina la mwanawe mara nne, kama mtu amwitaye mtoto aje kula jioni, na kila akiisha kuita hunyamaza kidogo, kama angojaye kuitikiwa. Ndio wimbo wenyewe.

Pale arusini ubeti ule wa mwisho walikuwa wameukata. Mahali pa jina la marehemu wakatia jina la bwana arusi. Na mahali pale anaponyamaza mama, wao walipajaza ngoma.

Mtauliza, wimbo wa mama apukuchuaye mahindi ulifikaje kwenye kinanda cha umeme? Hapo ndipo kesi yangu ilipo. Mwaka juzi mjukuu wangu alikuja likizo, na simu yake mkononi. Tulikwenda kwa mama yule kumsaidia mahindi, na alipoanza kuimba nilimkonyeza kijana abonyeze. Mama aliiona simu. Hakusema neno, nami nikakihesabu kimya chake kuwa ni ruhusa. Jioni nikausikiliza tena na tena, ukanichoma moyo, nikasema wimbo kama huu kuukalia peke yangu ni uchoyo. Nikamtuma mjukuu aupeleke kwa rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, pamoja na maneno haya tu: "Sikiliza wimbo mzuri." Sikuandika ni wa nani. Sikuandika ni wa kijiji gani. Sikuandika unahusu nini.

Mwalimu aliupenda, akampelekea binti yake. Binti akautia katika kundi la WhatsApp la kwaya yao. Kutoka hapo ulikwenda usikojulikana, simu hata simu, na siku ulipowafikia wale vijana wa arusi ulikuwa umekwisha kuitwa "wimbo wa kale, mtunzi hajulikani". Niliwaendea vijana hao kuwagombeza. Mkubwa wao akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Babu, wimbo ulitufikia bila jina. Sisi tungejuaje?" Wasomaji wapenzi, sikuwa na jibu. Nilikwenda kumkamata mwizi, kumbe aliyeacha mlango wazi ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekaa nikifikiri habari hii ya kupeana nyimbo. Najua wengi mnaifanya kila siku. Mmoja apenda kwaya, mwingine apenda dansi, mwingine taarabu. Vijana hukutana chini ya mti na simu zao, huyu amsikilizisha yule. Wengine huimba nyimbo za wakubwa kwa gita lao wenyewe, wakajirekodi chumbani, wakatumiana. Je, ni vibaya? Hata kidogo. Wahenga walisema: Kizuri kula na nduguyo. Muziki ukifungiwa sandukuni huliwa na mende.

Wazee wenzangu watakumbuka siku za redio na kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya rafiki zake na wimbo autakao, akaipeleka redioni, kisha nyumba nzima ikangoja kusikia majina yao yakitajwa. Mzee mmoja jirani yangu alisimamisha ng'ombe njiani ili ausikie wimbo wake, na ng'ombe wakaingia shamba la watu. Alilipa mahindi yale, akasema wimbo ulistahili. Furaha ya wimbo ni kuusikia pamoja na mwenzio anayeupenda kama wewe.

Na tena, bila kupeana nyimbo tungekosa mambo makubwa. Angalieni rumba ya Kongo. Tangu mwaka 1933 zilianza kuletwa Afrika sahani za santuri zenye alama ya GV, nyingi zikiwa nyimbo za Cuba. Ya kwanza kabisa katika orodha hiyo ilikuwa na El Manisero, maana yake Muuza Karanga. Watu wa Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo, na wa Brazzaville ng'ambo ya mto wakazisikiliza wakazipenda mno, maana ndani yake walisikia ngoma za babu zao waliochukuliwa utumwani. Mwanzo waliziimba vile vile kwa Kihispania wasichokijua, wakiokoteza maneno. Baadaye wakatia Kilingala, wakatia magita yao, na rumba ikazaliwa. Ikapanda treni na meli, ikatufikia sisi, na bendi zetu nazo zikajifunza kwayo. Mwezi wa Desemba mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa wanadamu wote. Kisa chote hicho kilianza kwa watu kusikilizishana sahani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi ubaya waanzia wapi? Waanzia pale wimbo unaposafiri na jina la mwenyewe likabaki nyuma. Nitawapeni visa vitatu vya kweli, mpime wenyewe.

Kisa cha kwanza ni cha hapa hapa kwetu. Nani kati yenu hajasikia Malaika? Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukaenea. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini akauimba, akautia katika sahani aliyoitoa pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965. Kundi la Boney M la Ujerumani likauimba mwaka 1981, na wengine wengi sana baada yao. Ni wimbo wetu mmoja uliozunguka dunia nzima. Lakini ulizeni barazani mtunzi wake ni nani, muone watu watakavyogawanyika. Wako wasemao ni Fadhili William. Wako washikao kwamba ni Adam Salim wa Tanganyika, aliyekuwa akiuimba miaka ya 1940. Wako wanaomtaja mtu mwingine tena. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na ugomvi haukuzikwa naye. Wimbo wa mapenzi umezaa mashindano ya miaka sitini, kwa sababu siku zile za mwanzo watu walijali sauti, hawakujali kuandika habari zake.

Kisa cha pili ni kichungu zaidi. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, Mzulu mmoja jina lake Solomon Linda aliingia chumba cha kurekodi pamoja na wenzake walioitwa Evening Birds. Wakaimba wimbo wake uitwao Mbube, maana yake Simba. Haki za wimbo huo zilikwenda kwa kampuni ya santuri, naye akapewa shilingi 10. Sahani ikapendwa sana katika nchi ile. Miaka ilipopita ikafika Marekani mikononi mwa Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za wananchi, naye akampa rafiki yake Pete Seeger aisikilize. Angalieni vema hapo: rafiki alimpa rafiki kitu kizuri, kama nilivyompa mimi yule mwalimu.

Seeger aliutega sikio, lakini Kizulu hakukijua. Lile neno la simba lililorudiwa na waitikiaji akalisikia vibaya, akaliandika Wimoweh, neno lisilo na maana katika lugha yo yote, na hilo likawa jina la wimbo. Kikundi chake, The Weavers, kiliurekodi mwaka 1951. Penye mahali pa mtunzi pakaandikwa Paul Campbell. Wasomaji wapenzi, Paul Campbell hakuwa mtu. Lilikuwa jina la kubuni. Mtu wa kweli alikuwa yu hai Johannesburg, ana mke na watoto, na jina lake likawa limekaliwa na mtu asiyekuwapo duniani!

Mwaka 1961 vijana wengine wa Marekani, The Tokens, wakaupiga kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza nchini kwao. Mwaka uliofuata, 1962, Solomon Linda akafariki katika umaskini. Kaburi lake likakaa miaka 18 bila jiwe. Mwaka 1994 wimbo ukaingia katika sinema ya The Lion King, ukaimbwa na watoto wa dunia yote. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika ya Kusini, Rian Malan, akaieleza dunia habari hizi, na mwaka 2004 likafunguliwa shauri mahakamani kwa ajili ya warithi. Mwaka 2006 yakafanyika mapatano: binti za Linda wakapata fungu lao, na jina la baba yao likakubaliwa kuwa la mmoja wa watunzi. Hesabuni wenyewe: tangu 1939 hata 2006 ni miaka 67. Kukopa arusi, kulipa matanga.

Kisa cha tatu kimenipa moyo, ndiyo maana nimekiweka nyuma. Kinatoka kwa Wakipsigis wa Kenya. Kulikuwa na mwimbaji wa Marekani aitwaye Jimmie Rodgers, mpiga gita, aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Sahani zake za santuri zilifika hata Kericho. Watu wakasikia sauti yake ikipanda na kushuka, wakastaajabu, na jina lake wakalitamka kwa ulimi wao: Chemirocha. Wakamtungia nyimbo zao wenyewe kwa kinanda chao cha nyuzi kiitwacho chepkong. Katika wimbo wa wasichana, huyo Chemirocha amekuwa kiumbe cha ajabu, nusu mtu, nusu paa, naye anaitwa aje kucheza.

Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika na mitambo yake akikusanya nyimbo, alifika huko akazirekodi. Jambo alilolifanya tofauti na mimi ni dogo sana: aliandika. Aliandika mahali, akaandika kabila, akaandika ala iliyopigwa, akaandika wimbo unahusu nini. Mwaka 1954 akaunda hazina ya nyimbo, ILAM, iliyoko sasa katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Yeye alifariki mwaka 1977, lakini maandishi yakabaki. Mwaka 2014 watu wa hazina hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walizichukua nyimbo zile wakazirudisha kule kule zilikotoka. Wakakuta kati ya waliorekodiwa wako walio hai bado! Miaka 64 ilikuwa imepita. Hebu fikirini mzee amevaa koti lake, anakaa kitini, anasikizwa sauti ya ujana wake. Kama Tracey angaliandika "wimbo mzuri wa Afrika" na basi, wangalimrudishia nani?

Nilipokwisha kuyafikiri hayo, nikaona yanipasa kwenda kwa yule mama. Nilichelewa siku tisa, sitawaficha, maana aibu ni mzigo mzito kuubeba mlimani. Nikapiga hodi. Akaniambia, "Karibu, Baba," akanipa kigoda, akaendelea na mahindi yake. Hakuimba.

Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Nikamwambia kosa ni langu, na kwamba nikiweza nitawaambia wale vijana wasiuimbe tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ghadhabu, na mfukoni nilikuwa na fedha kidogo, maana nilidhani huenda akadai malipo, na haki anayo. Hata Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 yasema kazi ya mtunzi yalindwa tangu pale anapoitunga, na iko COSOTA, ofisi ya hakimiliki, iliyowekwa kwa ajili ya mambo hayo. Mtunzi wa kijijini ni mtunzi, hata kama studio yake ni kinu na ungo.

Mama alipukuchua gunzi zima kabla ya kunijibu. Kisha akasema, "Kuimba waimbe. Arusi ni arusi, watu wacheze. Mimi sikuondoka kwa sababu walicheza."

Nikamwuliza, "Basi uliondoka kwa nini, mama?"

Akasema, "Nilingoja jina. Nilisema moyoni, sasa watamwita, watu wote hawa watasikia. Wakamwita mwingine."

Wasomaji wapenzi, nimeishi miaka mingi, lakini sijui kama nimewahi kusikia neno lililonipiga hivyo. Mimi nilidhani amechukizwa kwa kuwa wimbo wake umetolewa nje. Kumbe yeye alipousikia pale arusini alifurahi kwanza. Alifikiri mwanawe asiye na kaburi amepata kinywa cha watu mia mbili cha kulitaja jina lake. Tulimnyima dakika ile ile aliyokuwa akiingoja.

Nikamwuliza kama naweza kuliandika jina hilo hapa barazani, ili mlisome. Akatikisa kichwa. "Gazetini lisiandikwe, Baba. Kwenye wimbo lirudi." Basi ndiyo sababu hamlioni. Safari hii nimeuliza, nimejibiwa, nami natii.

Sasa enyi vijana, na wazee wenye simu za wajukuu, shikeni nasaha hizi tano za mzee aliyekosea.

Kwanza, omba. Kumkonyeza mjukuu si kuomba. Mwambie mwenye wimbo, "Naupenda wimbo wako, nataka kuurekodi, nataka kumpelekea fulani. Wakubali?" Akikataa, utie moyoni mwako na simu uiache mfukoni.

Pili, taja. Kabla wimbo haujaanza, sema kwa sauti yako mwenyewe, humo humo katika rekodi: jina la mwimbaji, jina la mtunzi kama ni mwingine, kijiji, siku na mwaka, na wimbo unahusu nini. Maandishi ya pembeni hupotea wimbo unapopelekwa kutoka simu moja hata nyingine. Sauti iliyo ndani ya wimbo haipotei upesi. Na ikiwa mwenyewe hapendi kutajwa, liheshimu neno lake.

Tatu, rekodi vizuri, maana kumrekodi mtu vibaya ni kama kumpiga picha amefumba macho. Usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Toka nje, ukae mahali pasipo upepo, kuku na watoto wakae mbali. Ifunge simu isipokee mtu ye yote kwa wakati huo. Usiiweke juu ya meza inayogongwa. Iegemeze juu ya nguo iliyokunjwa, hatua mbili kutoka kwa mwimbaji. Ikiwa ni kwaya, rudi nyuma hatua sita au saba, la sivyo utasikia mama mmoja tu wa sauti ya kwanza aliye karibu nawe. Bonyeza, hesabu tano kimya kimya, ndipo waanze. Na wakiisha, hesabu tano tena. Kisha sikilizeni pamoja. Mwimbaji asiporidhika, rudieni.

Nne, ukiimba wimbo wa mwingine, uimbe kwa namna yako, lakini usikate bila kujua unakata nini. Kubadili mwendo si kosa, wala kutia gita si kosa; hata wale wasichana wa Kipsigis walimgeuza Mmarekani akawa paa. Ila uliza kwanza. Pengine ule ubeti unaouona mrefu ndio mlango wa nyumba. Na siku ya kuuimba mbele ya watu, simama useme, "Wimbo huu ni wa fulani wa mahali fulani." Maneno hayo hayazidi pumzi moja, wala hayapunguzi sifa yako. Mpishi hapungukiwi kwa kusema mchele ulitoka Mbeya.

Tano, rudisha. Wimbo ulioazima ukikuletea furaha, rudi kwa mwenyewe umsikizishe ulivyouimba. Ukikuletea fedha, rudi vile vile na fungu lake. Na kama wimbo umefika kwako bila jina, usitosheke na "mtunzi hajulikani". Anajulikana mahali fulani. Mrudishie aliyekupa umwulize, naye amwulize aliyempa. Njia ambayo wimbo umekuja nayo, swali laweza kurudi nayo.

Mimi mwenyewe nimeanza. Nimemwambia mwalimu mstaafu, naye amemwambia binti yake, naye amelitia jina la mama katika lile kundi la kwaya. Tayari watu wawili wa mbali wameleta salamu, mmoja wao mama aliyefiwa na mtoto. Salamu hizo nimezipeleka mimi mwenyewe kwa miguu, wala safari hii sikungoja siku tisa.

Na wale vijana wa arusi? Niliwapa maneno ya mama kama alivyoyasema. Yule mkubwa wao akainamisha kichwa. Jumapili iliyopita walikuja watatu, bila kinanda, wakakaa chini pale uani penye mahindi. Mama akawapa kila mmoja kikapu cha kupukuchua, akasema hafundishi watu waliokaa bure. Akawaimbia ubeti wa tatu, wakamfuatisha. Walipofika mahali pale pa kunyamaza, mmoja, kwa mazoea ya mkono, akapiga kikapu chake kama ngoma. Mama akamshika mkono.

"Hapo," akamwambia, "tunangoja."

Wakangoja. Kisha wakaendelea.

Haya, kesi yangu ni hiyo. Hukumu mnaijua ninyi. Mwenye wimbo wa bibi yake nyumbani, juma hili amwulize jina la mtunzi wakati bibi angali yuko wa kujibu. Kwaherini mpaka juma lijalo.

Ni mimi wenu,
Babu wa Barazani